Kikombe cha Maharage na Mkono wa Kushoto

Soko la mpakani hapo Bwera lina mizani ya kutosha, lakini anayenunua maharage ya kupika leo jioni haitaki. Mizani ni ya wenye magunia. Mnunuzi wa kawaida anataka kikombe cha bati chenye mshikio, na anataka akione kinavyojaa kwa macho yake. Anayaamini sana hayo macho yake. Mimi nimepima maharage miaka mingi mbele ya macho ya namna hiyo, na ninaweza kuapa kanisani kwamba hakuna hata jozi moja iliyowahi kutazama mahali panapostahili. Wote wanakodolea kikombe. Kifundo cha mkono hawakioni.

Na kipimo chote kiko kwenye kifundo. Unatumbukiza kikombe kwenye beseni, unakisukuma mbele, kisha kifundo kinapinda kidogo kuelekea nyuma na kuinamia upande wa kidole cha mwisho, na kikombe kinatoka na kilima juu yake kisichomwagika. Kiwiko kinatulia tu. Bega linalala. Ukiona muuza maharage anapandisha bega, ujue huyo juzi alikuwa muuza nyanya.

Jirani yangu wa meza ni mwanamume mzima, shemasi, na akichota anaingiza kidole gumba ndani ya kikombe. Gumba lenyewe ni nene kama muhogo wa msimu wa mvua. Wateja wake wanakwenda nyumbani na maharage kasoro gumba, na wanamwita baba mpole. Mimi simlaumu. Namdharau tu, na hayo ni mambo mawili.

Mwaka jana wakati wa mavuno nilikwenda Mubuku kumwona mkulima mmoja aliyekodi kipande cha shamba kwenye ule mradi wa umwagiliaji, akapanda maharage. Kufika kwake ilibidi kuvuka mfereji, na daraja lenyewe lilikuwa gogo moja, lenye utelezi, jembamba kuliko ahadi za huyo mkulima.

"Pita tu, mama," akasema kutoka ng'ambo. "Hata mbuzi inapita."

"Mbuzi iko na miguu ngapi?"

"Ine."

"Na mimi?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nikapita, kwa sababu maharage yalikuwa upande wake, na nikaanguka, kwa sababu miguu yangu nimeihesabu mara mbili na haizidi miwili.

Mwili wa binadamu ukiuangusha unafanya ujinga uleule kila mara: unatanguliza kiganja. Kichwa kingependa tuangukie makalio, ambayo tumepewa nyama nyingi pale bila kazi nyingine, lakini kichwa hakiulizwi. Mkono wangu wa kulia ulinyooka wenyewe, kiganja kikapiga ukingo wa mfereji, na uzito wangu wote, ambao si wa kuutangaza, ukashuka juu ya kifundo kimoja. Nilisikia maumivu mahali padogo sana. Nyoosha kidole gumba kama mtu anayesimamisha lori pale njia panda ya Kikorongo, utaona kano zinasimama chini yake na katikati kunabaki kishimo. Wazee wa huku wanamimina ugoro humo kabla ya kuuvuta puani. Mimi humo nilimiminiwa moto.

Mkulima akavuka kwa mbio, mke wake nyuma yake.

"Kunja ngumi," mkulima akaamuru.

Nikakunja. Iliuma, lakini ilikunjika.

"Inakunja!" akamwambia mke wake kama mtu aliyeshinda kesi. "Basi mufupa hapana vunjika."

Hiyo ndiyo sheria ya wilaya nzima. Mkono ukikunja ngumi ni mzima. Sijui nani aliitunga, lakini kila mtu ameshika nakala kichwani. Nilirudi sokoni na kifundo kimevimba upande wa gumba, si sana, uvimbe wa aibu tu, na kila mteja aliyeuona alinikunjisha ngumi, akaridhika, akaniomba nyongeza. Yule shemasi alinikunjisha mara mbili ili ahakikishe, na nilipougulia alisema nina uoga wa wanawake wa mjini. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, huko Kasese. Kama ule ni mji, basi gumba lake ni mshumaa.

Kilichonimaliza zaidi ni salamu. Huku kwetu, mtu mwenye mkono mchafu au uliolowa hakupi kiganja, anakupa kifundo ukishike. Ni adabu nzuri sana kwa mtu mwenye matope. Mimi nilikuwa sithubutu kutoa kiganja, kwa kuwa kingevutwa, na mkono wa kushoto hautolewi, ni tusi. Kwa hiyo nilitoa kifundo, na wanaume wenye afya, wapakiaji wa saruji, walikishika wakakibana kwa upendo. Sijawahi kupendwa hivyo, na sitaki tena.

Siku ziliposonga na kikombe kikaanza kunitoka mkononi kikiwa nusu, wifi yangu, mke wa kaka yangu, akaja na uamuzi wake. Wifi yangu ni mtu wa maamuzi. Maarifa anaachia wengine.

"Twende kwa afande," akasema.

Afande ni mwanajeshi mstaafu anayeishi mlimani juu ya Bwera na kuvuta mifupa ya watu. Ukimwuliza alijifunza wapi atakwambia jeshini, na ukimwuliza jeshini alikuwa kitengo gani atakwambia usiulize. Alitupokea nje, amevaa buti zisizo na kamba.

"Kaa chini!"

Nikakaa.

"Leta mukono!"

"Afande, kwanza tusikilizane bei."

"Jogoo moja."

"Jogoo mzima kwa mkono mmoja? Na nikileta miwili utaomba ng'ombe?"

"Raia iko na maneno mingi," akamwambia wifi, siyo mimi.

Tukashuka kutoka jogoo hadi tetea, na kutoka tetea aliyenona hadi tetea yeyote. Nilijiona mjanja. Akashika vidole vyangu kwa mkono mmoja na mkono wangu chini ya kiwiko kwa mwingine, akavuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Kitu kikalia *ko*.

"Umesikia?" akasema kwa fahari. "Mufupa ilitoka. Sasa imerudi."

"Ilikuwa imekwenda wapi?"

"Wacha makelele. Funga na hii majani. Kazi imeisha."

Vifundo vyangu vya vidole vinalia hivyohivyo kila asubuhi nikijinyoosha kitandani, na sijawahi kumpa mtu kuku kwa ajili hiyo. Wifi alishuka mlima akimsifu njia nzima. Mimi sikuweza kubeba hata mwavuli.

Ndipo nikapanda gari kwenda Kasese, kwenye kliniki, kinyume na ushauri wa watu wote niliowajua, na hilo peke yake lilinipa matumaini. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja mshonaji ambaye vidole vyake vitatu vya upande wa gumba vilikuwa vikifa ganzi, hasa alfajiri, na alikuwa ameshawatuhumu wake wenza wawili. "Mmoja kwa kila kidole, basi kuna kidole kimekosa mchawi," nikamwambia. Hakucheka. Baadaye alitoka kwa daktari amekasirika: alikuwa ameambiwa kwamba hapo kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna mlango mwembamba ambamo kano za vidole hupita zote pamoja na mshipa wa fahamu, na kwamba cherehani na mkasi vimeuvimbisha ule mlango ukaubana mshipa. Akapewa kitambaa kigumu cha kufunga usiku. Alikitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Mchawi ana heshima yake. Mlango mwembamba utamsimulia nani?

Daktari alikuwa binti ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza nilivyoanguka, na hakunikunjisha ngumi. Hilo nililiona. Alinyoosha gumba langu, akatafuta kile kishimo cha ugoro, akabonyeza katikati kwa ncha ya kidole kimoja.

Nilisema neno ambalo sitaliandika, na mimi ni mwanakwaya.

"Basi ni hapo," akasema kwa upole.

"Lakini ngumi inakunja," nikamwambia, nikiitetea sheria ya wilaya bila kujua kwa nini.

"Ngumi ni kazi ya nyama ya huku juu, mama." Akanigusa karibu na kiwiko. "Nyama iko hapa, inavuta kano, kano inavuta kidole. Ukivuta kamba ya ng'ombe, ng'ombe inakuja hata kama mulango ya zizi imevunjika."

Picha ya mifupa alinionyesha kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nilidhani kifundo ni mfupa mmoja, kama bawaba. Kumbe ni kokoto. Mifupa midogo minane, minne minne katika safu mbili. Nilihesabu nikapata saba, nikamwambia wameniibia mmoja. Akanionyesha wa nane, kama punje ya njegere, umekaa juu ya mwenzake upande wa kidole cha mwisho, umebebwa kama mtoto mgongoni. Nikahesabu tena. Nane. Kila kifundo kikipinda, akasema, kokoto hizo zinasukumana na kuteleza zote pamoja, na ule ulio chini ya gumba ndio unaoshika safu ya chini na ya juu zisiachane. Huo ndio wangu uliopasuka. Ulikuwa na umbo la haragwe, kwa kweli, umejipinda tumboni, na palepale tumboni kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Hii tu?" nikasema. "Kwa hii ndiyo silali?"

"Hii ni mbaya kuliko mupasuko kubwa," akasema. "Damu inaingia kwa huu mufupa kutoka upande wa mbele, ya vidole. Halafu inarudi nyuma. Ikikatika katikati, upande wa nyuma inaweza kukosa damu."

Hapo sikuhitaji tafsiri. Mubuku maji yanaingia kutoka mfereji mkuu, na mwenye kipande cha mwisho anakunywa baada ya wote; mtu akiziba katikati, wa mwisho anavuna vumbi. Na mimi nilikuwa nimempa mwanajeshi tetea ili akakanyage kingo za mfereji.

"Sasa?"

"Plasta, mpaka kwa gumba. Wiki kumi, pengine zaidi."

"Punguza, daktari."

"Mama, si mimi napanga."

"Sita."

"Kumi."

"Saba, na maharage ya njano utakula mpaka uolewe."

Akacheka, lakini hakushuka. "Ukiitoa mbele ya wakati, ule upande itakufa. Mufupa inakufa na wewe uko mzima. Halafu kifundo inakauka, inakuwa kama mpini ya jembe. Hakuna kupima, hakuna kufua, hakuna kukamua nguo."

Nimebishana bei na Wakongo, na madereva wa malori, na wavuvi wa Hamukungu ambao wanakuuzia samaki huku wanalia. Sijakutana na muuzaji ambaye hakushuka hata nusu. Nilikubali, na nikaona uchungu kulipa bei ya kwanza.

Nilirudi sokoni na plasta nyeupe kuanzia chini ya kiwiko mpaka ukucha wa gumba. Gumba lilisimama peke yake, likionekana kama limekubaliana na kila mtu. Sikuwa na la kufanya ila kupima kwa mkono wa kushoto.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa ng'ambo, wa Kongo, ambaye amekuwa akinunua kwangu tangu nikiwa na beseni moja. Nilichota. Nikamnyooshea kikombe. Akarudisha kapu lake nyuma.

"Mama, unanipimia na mukono ya kushoto?"

"Huu mwingine iko na plasta. Si unaona?"

"Naona. Lakini mukono ya kushoto, mama? Njo vile unanizarau? Miye niko nani, mbwa?"

"Maharage yako hayajui mkono."

"Batoto yangu ndio watakula hii?" akasema, na akaenda kwa shemasi, akapimiwa kwa mkono wa kulia wenye heshima zote, gumba likiwa ndani.

Wakafuata wengine. Watu hawa wananunua maharage yenye mawe, yenye funza, yenye historia. Wanavuka mpaka na mafuta yaliyochanganywa na kitu ambacho hata gari lingetapika. Lakini mkono wa kushoto, hapana, hapo wana msimamo. Jioni beseni langu lilikuwa bado limejaa na la jirani limeisha. Alinipa pole ndefu, ya kishemasi.

Nyumbani wifi alikuwa ananisubiri na maji ya moto kwenye ndoo na kisu cha kukatia nyama.

"Tuloweshe, tukate," akasema. "Jikoni kwangu siku moja tu itakuwa imetoka. Utafunga bandeji, utapima na mukono yako."

"Daktari amesema mfupa utakufa."

"Daktari yule ni mutoto. Ameshazaa?"

"Mifupa haizaliwi na yeye."

"Wewe angalia duka yako. Mwezi ujao utakula hiyo plasta?"

Hapo, kwa mara moja, alikuwa amesema kitu. Nilikaa nikatazama ile ndoo inavyotoa mvuke. Upande mmoja mkono wa kulia, ambao bila huo mimi si mpimaji. Upande mwingine wateja, ambao bila hao nampimia nani. Nimefanya biashara zote za mpakani, lakini hii ya kuuza mkono ili nipate kutumia mkono ilinishinda hesabu. Niliipiga tena, ikatoka vilevile.

"Weka kisu, wifi," nikasema. "Maji nipe nioge."

Kesho yake kwenye soko nilikaa nyuma ya beseni kama bibi harusi, sikugusa kitu. Mama yuleyule wa Kongo akapita, akijifanya anatazama vitunguu.

"Mama," nikamwita. "Kuja. Kikombe hiki hapa. Pima mwenyewe."

Akasimama. "Miye?"

"Weye. Na mkono wako wa kulia. Jaza unavyotaka."

"Jaza navyotaka?"

"Na matabishi yako, ile nyongeza, jipe mwenyewe."

Niliziona tamaa zake zinavyopanda kutoka miguuni. Akashika kikombe, akakitumbukiza mpaka mkono ukazama, akakiinua na mlima wa kutisha juu. Lakini alikiinua kwa bega. Kifundo kilikuwa kimekauka kama cha mtu anayepiga saluti, na kikombe kilipotoka kikayumba, na mlima ukateremka kurudi kwenye beseni, taratibu, punje kwa punje, mpaka ukabaki uwanja tambarare. Akajaribu tena. Uwanja. Alipomimina kwenye kapu nilijua kwamba mimi, kwa mkono wangu wenye ugumu wote wa roho ninaosifiwa nao, nilikuwa nampa zaidi.

"Umeona?" akawaambia wenzake, jasho limemtoka. "Huyu mama ameniacha nijipimie!"

Wakaja. Walipanga foleni kujipunja. Waliinua mabega, waliinua viwiko, mmoja alitumia mikono miwili. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna mtu wa kumlalamikia aliyekuwa karibu zaidi ya yeye mwenyewe. Shemasi alitazama na gumba lake likiwa limekosa kazi. Kuwadharau watu wanapokuibia ni rahisi. Kuwadharau wanapojiibia wenyewe na kukushukuru kunahitaji uso mgumu, na mimi nilijitahidi.

Plasta ilikaa muda wake wote. Siku ya kuikata nilikuwa Kasese mapema kuliko mfagiaji. Chini yake ulitoka mkono wa mtu mwingine, mwembamba, una magamba, una nywele ambazo sijui zilikuwa zinakwenda wapi. Daktari akatafuta kishimo, akabonyeza.

"Inauma?"

"Hapana."

Sikumwamini yeye wala mimi. "Bonyeza tena," nikamwambia.

Akabonyeza tena. Hapana. Akaitazama picha mpya na kunionyesha haragwe langu, zima, unywele umepotea. Kifundo chenyewe kilipinda nusu tu ya zamani. Akanifundisha kuweka viganja pamoja kifuani na kushusha viwiko kidogo kidogo. Wa kushoto ukaenda mpaka mwisho, wa kulia ukagoma njiani. Akasema ukifanyishwa hivyo kila siku mpindo utarudi, pengine si wote. Nilimwachia debe la maharage ya njano, na hapo sikubishana.

Niliporudi sokoni nilisafisha kikombe, nikakishika kwa mkono wa kulia mbele ya wote, na mteja aliyefika kwanza alikuwa yeye, mama wa Kongo. Nikachota. Kifundo kilifika nusu ya safari kikasita, kikatetemeka, na maharage yakamwagika miguuni kwake.

Akanitazama kwa huruma, akakichukua kikombe mkononi mwangu.

"Wacha, mama," akasema. "Weye hauwezi. Miye nimeshazoea."

Akainama juu ya beseni, bega juu, akaanza kujipunja. Nilirudi kwenye kigoda changu, nikaweka viganja pamoja kifuani, nikashusha viwiko.